Sahihi isiyo sahihi: Safari ya muhuri kutoka Naivasha hadi ng'ambo

Miaka michache iliyopita nilipigiwa simu usiku na mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Minnesota, Marekani. Kwao ni Subukia, Kaunti ya Nakuru. Baba yake alikuwa amefariki, na shamba la familia lilikuwa bado limeandikwa jina la marehemu. Ili mama yake aanze shughuli za urithi mahakamani, watoto wote walitakiwa kukubali kwa maandishi. Walio nyumbani walikwisha kutia sahihi. Yeye, kifungua mimba, ndiye aliyebaki, na hakuwa na nauli wala ruhusa ya kazi ya kumfikisha Nakuru. Ami yake akamtumia kwa simu hati iliyokwisha kuchapwa, ya kumpa ami huyo uwakili wa kushughulikia mambo yote kwa niaba yake.

"Mwalimu," akaniambia, "karatasi imerudishwa. Wanasema muhuri hautoshi."

Nikamuuliza aliupata wapi huo muhuri. Akasema alikwenda benki iliyo karibu na nyumba yake. Ofisa mmoja akatazama leseni yake ya udereva, akamwona akitia sahihi, akagonga muhuri, basi. Hazikupita dakika tano. Hati ikasafirishwa hadi Nakuru, na huko karani akaigeuzageuza na kuuliza: aliyegonga muhuri huu ni nani, nasi tutamjuaje?

Kijana alikasirika. Mimi nilimwonea huruma, ila nikaona kwamba swali la yule karani lilikuwa halali kabisa. Tena ni swali la zamani. Katika Bonde la Ufa limeulizwa kwa zaidi ya karne moja, na mara nyingi limejibiwa kwa namna iliyowaumiza watu. Wiki hii ningependa tulifuatilie, kwa sababu ndani yake mmefichwa maneno ambayo tunayatumia kila siku bila kuyachungulia.

Tuanze na maneno yenyewe. "Hati" imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mstari au mwandiko wa mkono. "Muhuri" asili yake ni Kiajemi. "Lakiri", ile nta ya kufungia barua na kugandishia alama ya mwenyewe, tuliachiwa na Wareno. "Cheti" kimetoka Bara Hindi. Ukiyatazama kwa pamoja, maneno haya ni ramani ya biashara ya Bahari Hindi. Mfanyabiashara wa Mombasa aliyetuma mali Maskati au Bombay hakuweza kusafiri na kila mzigo, hivyo karatasi ilibidi iseme badala yake. Aliyemtuma kumwakilisha alimwita wakili, yaani mtu uliyemwachia jambo lako kwa kumwamini. Neno hilo ni ndugu na "kutawakali", kumwachia Mungu. Kwa hiyo kabla wakili hajawa mtu wa tai na joho, alikuwa mtu wa kuaminiwa tu.

Neno linalonivutia zaidi ni "sahihi". Kwa Kiarabu maana yake ni kitu cha kweli, kizima, kisicho na kasoro. Sisi tuliliacha na maana hiyo, kisha tukalipa kazi ya pili: jina la mtu alilolichora mwenyewe chini ya hati. Nadhani wazee wetu wa pwani walikuwa na matumaini makubwa. Walichukulia kwamba mtu akishaweka mkono wake chini ya maneno, maneno hayo yamekuwa kweli. Historia ya Bonde la Ufa inaonyesha jinsi maana hizo mbili zinavyoweza kuachana.

Mnamo Agosti 1904, Kamishna wa serikali ya kikoloni, Sir Donald Stewart, alifanya mkataba na viongozi wa Wamaasai, Olonana akiwa mbele yao. Kwa mkataba huo Wamaasai waliondoka katika malisho yao ya Bonde la Ufa, ikiwemo nchi ya Naivasha na Nakuru, ili kuwapisha walowezi. Wangehamia sehemu mbili, Laikipia upande wa kaskazini na nyingine kusini mwa reli. Viongozi hao hawakujua kuandika, kwa hiyo waliweka alama. Maofisa wa serikali walitia sahihi kama mashahidi. Wakalimani nao waliandikwa, na lugha ya katikati, iliyoyabeba maneno ya Kiingereza kuyapeleka kwenye Kimaasai, ilikuwa Kiswahili.

Kwa kipimo cha ofisi yoyote ya leo, hati ile ilikuwa imekamilika. Ina tarehe, ina alama za wahusika, ina mashahidi, ina wakalimani. Iliahidi kudumu kwa muda wote ambao Wamaasai wangekuwepo kama taifa. Ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine, nao ukawaondoa Laikipia kuwapeleka kusini. Wamaasai, wakichochewa na Parsaloi Ole Gilisho, kiongozi wa upande wa kaskazini, walikwenda mahakamani. Mwaka 1913 mahakama iliamua kwamba haina uwezo wa kuisikiliza kesi hiyo, kwa kuwa mikataba ile ilikuwa baina ya mamlaka mbili huru na haikuwa makubaliano ya kawaida ya kisheria. Yaani alama zao zilikuwa na nguvu ya kuwahamisha, lakini hazikuwa na nguvu ya kuwatetea.

Mimi kama mtu wa lugha sichoki kumfikiria yule mkalimani. Katika hati nzima, yeye peke yake ndiye aliyejua pande zote mbili zimeambiwa nini. Maofisa walishuhudia kwamba alama zimewekwa. Je, ni nani aliyeshuhudia kwamba maneno yameeleweka?

Baada ya Wamaasai kuondolewa, mashamba ya Naivasha, Nakuru, Njoro na Molo yalihitaji wafanyakazi, na serikali ikahitaji njia ya kuwajua na kuwafunga mahali pamoja. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, lakini Vita Vikuu vikachelewesha utekelezaji wake hadi karibu na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyezidi miaka 16 alitakiwa kubeba kipande. Ndani yake mlikuwa na jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, kazi alizofanya na mshahara aliolipwa. Kiliwekwa ndani ya kikopo cha bati na kuvaliwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, ile kengele ya mbuzi, na aliyelibuni jina hilo hakuhitaji kueleza zaidi.

Angalia neno "kipande" lenyewe. Ni Kibantu safi, kitu kilichokatwa kutoka kitu kikubwa. Watu waliipokea karatasi ya serikali na kuipa jina la kawaida, kama mtu anayesema kipande cha muhogo. Kumbe kipande hicho kilikuwa na uwezo wa kumpeleka mtu jela. Ili uondoke kwa mwajiri, ilibidi mwajiri atie sahihi kwamba amekuachilia. Ukitoka bila sahihi hiyo, wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Sahihi ya mtu mmoja ilithibitisha uhuru wa kutembea wa mtu mwingine. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande mwaka 1921, na alipokamatwa Machi 1922 watu waliuawa kwa risasi mbele ya kituo cha polisi Nairobi. Hatimaye sheria ya mwaka 1947 ilileta usajili wa watu wa rangi zote. Kikopo cha bati kilitoweka, ila jina halikutoweka. Hata leo, mtu wa Nakuru akisimamishwa na askari usiku, atasikia akiulizwa, "Kipande kiko wapi?"

Kisa cha tatu ni cha Olenguruone, kule nyanda za juu za magharibi ya Nakuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali iliwapa makao hapo Wakikuyu walioondolewa sehemu nyingine, wengi wao kutoka nchi ya Wamaasai. Wao walichukulia kwamba ardhi ile ni fidia, ni yao kabisa. Serikali iliwahesabu kuwa wapangaji, ikawatolea masharti ya namna ya kulima na kurithisha, kisha ikawataka waweke sahihi kuyakubali.

Walikataa. Walifahamu vizuri kwamba kutia sahihi ni kukubali jina ambalo hati imekupa. Ukitia sahihi kama mpangaji, umekuwa mpangaji, hata kama babako na babu yako walikuwa na ardhi. Badala ya sahihi, walikula kiapo. Kwa desturi ya zamani kiapo kililiwa na wanaume wachache, hasa wazee, katika kukata mashauri. Olenguruone kiapo cha umoja kililiwa na wanaume, wanawake na hata watoto. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa, mazao na nyumba zao zimeharibiwa, wengine wamepelekwa Yatta. Lakini wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba kiapo kile ni mojawapo ya mizizi ya vuguvugu la Mau Mau.

Nimekileta kisa hiki kwa sababu ya neno "kiapo". Katika miji yetu leo, nenda barabara yoyote iliyo karibu na mahakama, utaona vibao vya mawakili vinavyotangaza kwamba ndani kuna kamishna wa viapo. Unaingia na karatasi yako, unatia sahihi, anagonga muhuri, unalipa, unatoka. Hicho nacho ni kiapo mbele ya sheria, na ukiapa uongo unaweza kushtakiwa. Ila jiulize ni wangapi wanaotoka mle wakihisi kwamba wameapa. Olenguruone watu waliapa bila karatasi na wakahisi mpaka mifupani. Sisi tuna karatasi, na kiapo chenyewe tumekipunguza kuwa mlio wa muhuri juu ya meza.

Tumrudie kijana wetu wa Minnesota. Kwa nini muhuri wa benki haukutosha?

Jibu liko katika tofauti ya watu wanaoitwa notari. Neno hilo ni la Kilatini, na kwa Warumi lilimaanisha mwandishi wa kuandika kwa alama za haraka. Uingereza ya zamani notari aliteuliwa kwa mamlaka ya Papa, mpaka Mfalme Henry wa Nane alipogombana na Roma. Sheria ya mwaka 1533 ikauhamishia uwezo huo kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, na mpaka sasa notari wa Uingereza hupata idhini kutoka kwa ofisi iliyo chini ya askofu huyo. Kenya ilirithi desturi hiyo ya Kiingereza, ila askofu nafasi yake ikachukuliwa na Jaji Mkuu, na notari wetu lazima awe wakili mwenye uzoefu. Nchini Ufaransa notari ni mwanasheria mkubwa zaidi, ambaye huiandaa hati yenyewe na kuihifadhi. Marekani mambo ni tofauti. Notari anaweza kuwa karani wa benki au mwenye duka. Hahitaji kuijua sheria ya hati iliyo mbele yake, na kwa kawaida haisomi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba anayetia sahihi ndiye mwenye kitambulisho.

Basi muhuri wa mtu kama huyo ukifika Nakuru peke yake, ni yatima. Hauna mtu wa kuujulia baba wala mama. Ndiyo maana ukaanzishwa mnyororo. Jimbo lililompa notari idhini linathibitisha kwamba kweli ni notari. Wizara ya nchi za nje ya Marekani inathibitisha muhuri wa jimbo. Ubalozi wa Kenya ulioko Washington unathibitisha muhuri wa wizara. Sasa karani wa Nakuru ana muhuri anaoujua. Njia ya mkato ni mtu kwenda ubalozini mwenyewe na kutia sahihi mbele ya ofisa wa Kenya. Hiyo ni rahisi ukikaa jirani na ubalozi. Kutoka Minnesota hadi Washington ni safari ya ndege.

Mnyororo huu hupita pia upande wa pili. Muuguzi wa Njoro au mwalimu wa Molo anayetaka vyeti vyake vikubaliwe ughaibuni huanzia kwa notari hapa nyumbani, akapanda hadi Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi, kisha ubalozi wa nchi anayokwenda. Kila kituo kina foleni yake na ada yake.

Dunia ilitambua usumbufu huo mapema. Mnamo tarehe 5 Oktoba 1961, mjini The Hague, Uholanzi, ulitiwa sahihi mkataba wa kuufupisha mnyororo mzima kuwa cheti kimoja, kiitwacho apostili. Nchi zilizomo hukubaliana kwamba apostili ya mmoja inatosha kwa wote. Sasa wanachama ni zaidi ya 120. Katika Afrika Mashariki, Burundi ilianza kuutumia mwaka 2015 na Rwanda mwaka 2024. Kwa miongo mingi Kenya, Uganda na Tanzania zilibaki nje, na watu wetu wakabaki na ule mnyororo mrefu.

Lakini hapa nataka msomaji anisikilize vizuri. Hata apostili haithibitishi yaliyoandikwa ndani ya hati. Mkataba wenyewe unasema hivyo. Inathibitisha sahihi, cheo cha aliyeitia, na muhuri uliogongwa. Hati iliyojaa uongo inaweza kuwa na apostili safi kabisa. Mihuri kumi ikipangwa mmoja juu ya mwingine, yote inasema jambo moja: huu mkono ni wa fulani. Kama fulani alijua anachokubali, huko mihuri haifiki.

Ndipo nilipomwomba kijana anisomee ile hati. Alikuwa hajaisoma. Aliona jina la ami yake, akaona jina la shamba, akatia sahihi. Akaanza kunisomea kwa simu, Kiingereza kizito cha kisheria, na tulipofika ukurasa wa pili tukanyamaza wote wawili. Hati haikuishia kwenye shughuli za urithi. Ilimpa ami uwezo wa kuuza, kuweka rehani na kugawa mali yoyote ya kijana iliyopo au itakayopatikana nchini Kenya, bila kikomo.

Sisemi kwamba ami alikuwa na nia mbaya. Hati za aina hiyo huchapwa katika vibanda vilivyo jirani na ofisi za ardhi, kwa kunakili hati nyingine iliyokuwa mashineni, na huenda yeye mwenyewe hakuisoma. Hata hivyo, kama karani asingeikataa, ingesajiliwa na kuwa na nguvu. Usumbufu aliokuwa akiulaani ulikuwa umempa muda wa kusoma.

Na shamba lile lilikuwa na historia yake. Mzee alilipata miaka ya 1970 kupitia moja ya makampuni ya kununua ardhi, yale yaliyokusanya hisa za maelfu ya watu wa kawaida ili kununua mashamba ya walowezi. Wanachama walipewa vyeti vya hisa, wakaokota karatasi za kura kujua kila mtu ataangukia wapi. Wengi walikaa miaka mingi na vyeti hivyo peke yake, hatimiliki haijatoka. Waliihifadhi karatasi kama roho: chini ya godoro, ndani ya sanduku la bati, katika Biblia. Kisha ikaja ghasia ya baada ya uchaguzi wa 2007. Nyumba zilichomwa, na waliokimbilia Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru wengi walifika mikono mitupu. Mtu aliyepoteza kitambulisho alihitaji chifu amjue, na chifu naye alikuwa amehama. Mama wa kijana huyu aliwahi kunisimulia kwamba usiku walipokimbia aliwaacha ng'ombe, akabeba wajukuu na lile sanduku.

Kwa hiyo nilimshauri kijana afanye mambo mawili. La kwanza, amtafute wakili amwandikie hati mpya yenye mipaka, inayotaja shauri la urithi tu na shamba hilo tu. La pili, kabla ya kutia sahihi, ampigie mama yake na kumsomea kila kifungu kwa Kiswahili. Alifanya hivyo. Baadaye aliniambia kwamba walipofika kwenye maneno ya ile hati ya kwanza, mama alimkatiza: "Kuuza? Nani alisema kuuza?" Alikuwa ameambiwa kwamba ni karatasi ya kusaidia kesi iende haraka. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuweka dole gumba kwenye karatasi nyingine, na akataka nazo asomewe.

Hapo nikamkumbuka mkalimani wa 1904.

Katiba ya 2010, kifungu cha saba, inasema lugha rasmi za Kenya ni Kiswahili na Kiingereza. Vifungu vyake vingine vinawahusu moja kwa moja walio ng'ambo: Mkenya akipata uraia wa nchi nyingine hapotezi wa Kenya, ilhali asiye raia hawezi kumiliki ardhi kwa zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Maana yake ni kwamba mtu aliyepoteza uraia zamani, kabla ya 2010, akapuuza kuuomba upya, anaweza kujikuta mgeni katika shamba la baba yake. Ni watu wangapi wa Subukia, Bahati au Rongai wanaoyajua haya? Yameandikwa, tena yanapatikana kwa Kiswahili. Ila ukienda ofisi ya ardhi, fomu utakayopewa ni ya Kiingereza, na kibanda kilicho nje kitakuchapia Kiingereza.

Ninachopendekeza hakihitaji mkataba wa kimataifa. Hati ya uwakili, ridhaa ya urithi na hati ya kiapo ziandaliwe kwa lugha zote mbili, ukurasa kwa ukurasa, na anayegonga muhuri aandike lugha ambayo mwenye hati alisomewa. Sheria zetu za viapo tayari zinamtambua mtu asiyejua kusoma na zinataka asomewe. Utaratibu huo upanuliwe umfikie pia mtu anayejua kusoma lakini asiyeelewa Kiingereza cha mawakili, nao ni wengi, hata miongoni mwa wenye digrii. Istilahi tunazo. Tuna hati, muhuri, kiapo, shahidi, wakili na ridhaa. Kwa "notari" sina ugomvi, lishike mizizi kama lilivyoshika "daktari".

Kesi ya mama ilichukua muda, ila ilikwisha. Hati ya pili ya kijana ilifika Nakuru na mihuri yake yote, na karani hakuwa na swali. Nilipomtembelea mama Subukia alinionyesha nakala aliyoiweka katika lile sanduku la bati. Juu ya kila ukurasa, kwa kalamu ya risasi, mjukuu wake alikuwa ameandika kwa Kiswahili maana ya yaliyomo. Mwandiko ni wa mtoto wa shule na tahajia ina makosa mawili matatu. Nilipotaka kuyasahihisha, mama alinizuia. Akaniambia niiache hivyo hivyo, hiyo ndiyo anayoielewa.